Tufe la Kusubu, la Kukerezwa au la Shaba: Lipi Linastahili Fedha za Klabu?

Klabu yetu ya riadha jijini Dar es Salaam ilinunua matufe ya aina tatu kutoka kwenye duka moja la vifaa vya michezo: la chuma cha kusubu lililopakwa rangi, la chuma lililokerezwa kwa mashine, na la shaba ya manjano. Kila aina tuliichukua kwa uzito wa wanaume, yaani kilo 7.26, na katika aina mbili za kwanza tukaongeza matufe ya wanawake ya kilo 4. Bei zilitofautiana sana. La kukerezwa lilikuwa ghali kuliko la kusubu kwa kiasi cha kumfanya mhazini wetu akune kichwa, na la shaba liliyapita yote mawili kwa pamoja. Tathmini hii inajaribu kujibu kama tofauti hiyo ya bei inaonekana uwanjani, na jibu langu, baada ya vijana wetu kuyatumia mazoezini na katika mashindano, ni kwamba inaonekana kwa tufe moja tu kati ya hayo matatu.

Anayeingia dukani akitafuta tufe linalokwenda mbali kuliko mengine anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Robert Garrett wa Marekani alishinda katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896 kwa mita 11.22, akirusha tufe la ratili 16. Ryan Crouser, Mmarekani mwenzake, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 23.56 jijini Los Angeles tarehe 27 Mei 2023, alirusha tufe la uzito uleule. Mkuki wa wanaume ulibadilishwa muundo mwaka 1986 kwa kuwa ulikuwa unaelekea kuvuka uwanja, na upondo wa kurukia ulitoka kwenye mianzi ukafika kwenye faibagilasi, na kila badiliko lilikuja na rekodi zake. Tufe halina hadithi ya namna hiyo. Zaidi ya mita kumi na mbili zilizoongezeka tangu Garrett zimetoka kwenye miguu, kiuno na bega la mrushaji, na pia, kama nitakavyoeleza, kwenye sakafu anayosimama.

Kanuni zinadai tufe liwe la chuma, shaba au metali nyingine isiyo laini kuliko shaba, ama ganda la metali hiyo lililojazwa madini ya risasi au kitu kingine kigumu, liwe la mviringo kamili na uso wake uwe laini. Tufe la wanaume halitakiwi kupungua kilo 7.260, na kipenyo chake kinaruhusiwa kuwa kati ya milimita 110 na 130. La wanawake lisipungue kilo 4, na kipenyo chake kiwe kati ya milimita 95 na 110. Nafasi hiyo ya milimita 20 kwa wanaume ndiyo inayostahili kuchunguzwa na mnunuzi kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye kifungashio, kwa sababu inaamua kama tufe litakaa vizuri kwenye vidole vya mtu au la. Hesabu yake si ngumu. Tufe la chuma kitupu, lisilo na uwazi ndani, lenye uzito wa kilo 7.26 lina kipenyo cha karibu milimita 121, na la shaba tupu karibu milimita 118. Linalouzwa likiwa na milimita 110 ni lazima lina risasi ndani, na lenye milimita 130 ni lazima lina uwazi au kijazo chepesi. Muuzaji akikwambia kwamba tufe la milimita 129 ni chuma kitupu hadi katikati, basi ama kipimo si sahihi ama maelezo si sahihi.

Tuanze na la bei nafuu. Tufe la kusubu hutengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, kisha hupakwa rangi, na kasoro zake zote zinatokana na njia hiyo. Moja ya matufe tuliyopokea lilikuwa pungufu ya kilo 7.260 mizanini, jambo ambalo lingelifanya likataliwe na mwamuzi wa vifaa kabla mashindano hayajaanza, na ilitubidi kulirudisha dukani. Lililoletwa badala yake lilitimiza uzito, lakini kila tulipoliviringisha taratibu juu ya meza ya kioo iliyosawazishwa liligeuka na kutulia upande uleule. Hiyo ni dalili kwamba kitovu chake cha uzito hakipo katikati, pengine kwa sababu ya kipovu cha hewa kilichobaki ndani wakati wa kumimina. Ninapendekeza jaribio hilo kwa kila mnunuzi, kwani halihitaji kifaa zaidi ya meza na subira, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatalipinga.

Rangi nayo ina matatizo yake. Inapokuwa mpya huteleza, hasa katika joto la pwani ambako mkono hauna dakika moja bila jasho, na inapoanza kubanduka baada ya kugonga mawe huacha kingo ndogo zinazokwaruza ngozi ya shingo. Pamoja na hayo sitalikataa tufe la kusubu moja kwa moja. Kwa mazoezi ya kusukuma ukiwa umesimama, kwa mwanafunzi anayejifunza mkono ukae wapi na kiwiko kiwe juu kiasi gani, linatosha kabisa, na likipotelea kwenye majani marefu nyuma ya uwanja hasara yake inavumilika.

Tufe la kukerezwa ni jambo lingine. Hili limewekwa kwenye mashine ya kukereza na kuchongwa hadi kufikia umbo la mviringo kamili, kisha uzito wake umerekebishwa kwa kijazo kilichofungiwa ndani. Tulilonunua lilikuwa na kipenyo cha milimita 126, na mizani ilionyesha uzito uliozidi kidogo kiwango cha chini, ndani ya nafasi ambayo kanuni huwapa watengenezaji, yaani kati ya kilo 7.265 na 7.285. Mezani halikuchagua upande. Uso wake, ukiutazama kwa karibu, una mistari myembamba sana iliyoachwa na kisu cha mashine, isiyovunja kanuni ya ulaini lakini inayotosha kuishika chaki. Mistari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayohalalisha bei, na ili kuelewa sababu ni lazima turudi kwenye namna urushaji wenyewe ulivyobadilika.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 mrushaji alisimama nyuma ya duara akiwa ameelekeza ubavu mbele, akaruka hatua moja na kusukuma. Ralph Rose, aliyeweka mita 15.54 huko San Francisco mwaka 1909, rekodi ya kwanza kutambuliwa na shirikisho la kimataifa, alikuwa mtu mkubwa sana wa mwili, na katika mtindo ule ukubwa wa mwili ulikuwa nusu ya kazi. Parry O'Brien ndiye aliyeugeuza mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kusimama akiwa ameupa mgongo uwanja kabisa, akateleza kinyumenyume hadi katikati ya duara, kisha akageuka na kusukuma, na kwa kufanya hivyo akalipa tufe njia ndefu zaidi ya kusukumwa kabla ya kuachiwa. Alishinda Olimpiki mwaka 1952 na 1956, akachukua fedha mwaka 1960, na katika kipindi hicho alishinda mashindano 116 mfululizo. Tarehe 8 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kuvuka futi 60, yaani mita 18.29, na miaka miwili baadaye akavuka mita 19. Mlango aliofungua haukufungika tena: Bill Nieder alivuka mita 20 mwaka 1960, na Randy Matson akavuka 21 mwaka 1965. Mita tatu ziliongezeka katika miaka 11, kwa tufe lilelile.

Katika mtindo wa kuteleza, tufe husafiri karibu katika mstari mnyoofu na hubaki limebanwa shingoni bila taabu kubwa. Ndiyo maana warushaji wa enzi hiyo hawakuhitaji uso wa tufe unaoshika sana. Hali ilibadilika pale Aleksandr Baryshnikov wa Urusi ya Kisovyeti alipoanza, katika miaka ya 1970, kuzunguka ndani ya duara kama mrusha kisahani. Tarehe 10 Julai 1976, huko Ufaransa, alirusha mita 22.00, na katika rekodi zilizotambuliwa hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake. Brian Oldfield wa Marekani alikuwa amerusha mita 22.86 mwaka 1975 kwa mzunguko huohuo, lakini alikuwa mchezaji wa kulipwa na rekodi yake haikutambuliwa. Mwili unapozunguka kwa kasi, tufe hutaka kukimbia shingo. Kanuni nayo haina huruma: tufe liguse shingo au kidevu, au liwe karibu navyo sana, lisishuke chini ya hapo wakati wa kurusha na lisivutwe nyuma ya mstari wa mabega. Mrushaji anayezunguka na tufe linaloteleza analazimika kulibana kwa nguvu, na akilibana kwa nguvu bega hukakamaa na kasi hupotea.

Kijana wetu mmoja anayezunguka alirusha matufe yote matatu, na tofauti ilionekana hapo. Kwa tufe lililopakwa rangi alikatiza majaribio mara kwa mara kwa sababu lilitoka shingoni kabla hajafika mbele. Kwa lililokerezwa, akiwa na chaki mkononi na shingoni kama kanuni zinavyoruhusu, alimaliza mizunguko yake bila wasiwasi. Wenzake wanaoteleza hawakuona tofauti yoyote ya maana. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya watu wanaoteleza tu, au kwa wanaoanza, hana sababu ya kulipa ziada hiyo.

Kwa upande wa wanaume, hata hivyo, kuteleza kunaendelea kutoweka katika mashindano makubwa. Miaka ya 1980 ilikuwa bado ya watelezaji: Alessandro Andrei wa Italia aliboresha rekodi ya dunia mara tatu katika siku moja huko Viareggio mwaka 1987, akaishia mita 22.91, na Ulf Timmermann wa Ujerumani Mashariki akawa wa kwanza kuvuka mita 23 mwezi Mei 1988 kwa 23.06. Timmermann alishinda pia fainali ya Seoul mwaka huohuo, ambayo kwangu mimi bado ni miongoni mwa fainali bora za tufe. Randy Barnes alimpita kwa 22.39 katika raundi ya mwisho, naye akajibu kwa 22.47 katika jaribio lake la mwisho. Mtelezaji wa mwisho kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa wanaume ni Tomasz Majewski wa Poland, aliyeshinda mwaka 2008 na 2012. Baada yake ni Crouser mfululizo, 2016, Tokyo na Paris 2024, jambo ambalo hakuna mrusha tufe mwingine aliyewahi kulifanya. Kabla ya msimu wa 2023 Crouser aliongeza hatua mpya mwanzoni mwa mzunguko wake ili apate kasi zaidi ndani ya duara lilelile. Mwaka huo alishinda Mashindano ya Dunia ya Budapest kwa mita 23.51 huku akiwa amegundulika kuwa na damu iliyoganda mguuni.

Sasa tufe la shaba. Ni zuri kulitazama, halipati kutu, na katika mji wa pwani ambako tufe la chuma lililoachwa bila mafuta huanza kuwa jekundu baada ya usiku mmoja wa unyevu, hiyo si faida ya kudharau. Tulilopata lina kipenyo cha milimita 118, kumaanisha kwamba ni shaba tupu au karibu na hapo. Kwa mkono mdogo ukubwa huo ni wa raha. Kwa kijana mwenye vidole virefu lilionekana kuzama kiganjani badala ya kukaa kwenye vitako vya vidole, ambako ndiko msukumo wa mwisho hutokea. Aidha shaba ni laini kuliko chuma, na tufe letu lilishapata vidonda kadhaa kutokana na mawe yaliyofichwa na mchanga wa eneo la kuangukia. Maneno ya kifungashio kwamba ni tufe la kiwango cha mabingwa sina haja ya kuyabishia, ila bingwa hakuyahitaji. Kwa bei yake, ninalihesabu kuwa zawadi nzuri ya kumpa mrushaji anayestaafu.

Huenda mtu akauliza kama gramu chache na milimita chache zina uzito wowote. Katika Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, Joe Kovacs alishinda kwa mita 22.91, na nyuma yake Crouser na Tom Walsh wa New Zealand walikuwa na 22.90 kila mmoja, wakatenganishwa kwa jaribio la pili kwa ubora. Watu wa kiwango hicho wana haki ya kuhangaikia kila kitu. Katika mashindano yetu washindani hutofautiana kwa nusu mita na zaidi, na nusu mita hiyo haitokani na tufe.

Inatokana zaidi na duara. Duara la kurushia lina kipenyo cha mita 2.135 na ubao wa kuzuia mguu kwa mbele, na hakuna anayeweza kuzunguka ndani yake ikiwa sakafu ni udongo uliochimbika. Kama ningekuwa na fedha ya tufe la shaba mkononi leo, ningenunua saruji, fremu ya chuma na fundi wa kusawazisha, na ningebakiwa na chenji. Kuchora eneo la kuangukia hakuhitaji hata fundi: pembe ya kanuni, nyuzi 34.92, imechaguliwa kwa namna ambayo upana kati ya mistari miwili ni sehemu sita kwa kumi za umbali, hivyo kwa mita 10 kutoka katikati ya duara mistari iachane kwa mita 6, na kwa mita 20 iachane kwa mita 12. Futi kamba na vigingi viwili vinatosha.

Kuhusu matufe ya wanawake nitakuwa mfupi upande wa bidhaa, kwa kuwa tofauti ya kusubu na kukerezwa ni ileile. Tulilonunua la kukerezwa lina milimita 104 na wasichana wetu walilipenda mara moja. Ila kuna malalamiko niliyoyasikia kutoka kwa mzazi mmoja ambayo yanahitaji jibu. Aliona kwamba rekodi ya dunia ya wanawake, mita 22.63 ya Natalya Lisovskaya wa Urusi ya Kisovyeti, ni ya Juni 1987, ilhali Yemisi Ogunleye wa Ujerumani alipata dhahabu ya Paris 2024 kwa mita 20.00 kamili, akajiuliza kama vifaa vya siku hizi ni duni. Si vifaa. Rekodi zile ni za enzi ambayo dawa za kuongeza misuli zilienea mno kwenye mchezo huu, na katika Ujerumani Mashariki mpango huo uliendeshwa na dola yenyewe. Ilona Slupianek wa huko aligundulika kuwa amezitumia mwaka 1977, akafungiwa mwaka mmoja, akarudi na kushinda Olimpiki ya 1980. Wanaume hawakuwa wasafi zaidi: Barnes, aliyerusha mita 23.12 mwezi Mei 1990, alifungiwa mwaka huohuo, akarudi kushinda Atlanta 1996, kisha mwaka 1998 akafungiwa maisha. Rekodi yake ilidumu hadi Crouser alipoivunja mwaka 2021.

Wala jambo hilo halikuishia karne iliyopita. Mwaka 2004 tufe lilirushwa katika uwanja wa kale wa Olympia, na washindi wote wawili waliovishwa dhahabu pale, Irina Korzhanenko wa Urusi na Yuriy Bilonoh wa Ukraine, walinyang'anywa baadaye, wa kwanza ndani ya siku chache na wa pili baada ya miaka minane. Adam Nelson wa Marekani, aliyelingana na Bilonoh kwa mita 21.16, alikabidhiwa medali yake mwaka 2013 katika eneo la migahawa la uwanja wa ndege wa Atlanta. Kwa hiyo mzazi wa binti anayerusha tufe asitundike namba za 1987 ukutani. Kipimo bora ni Valerie Adams wa New Zealand, bingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 2007, ambaye umbali wake bora ulikuwa mita 21.24, na aliyeupata kwa kuteleza, si kwa kuzunguka.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Klabu yenye mrushaji hata mmoja anayezunguka inunue tufe moja la kukerezwa la wanaume, kipenyo kati ya milimita 124 na 128, na moja la wanawake karibu na milimita 104, na yahifadhiwe kwa ajili ya mashindano na siku za mazoezi ya duara. Mengine yawe ya kusubu, yaliyopimwa mizanini na kuviringishwa mezani kabla ya kulipiwa. Shule inayowaandaa vijana kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, iulize kwanza waandaaji wanatumia uzito gani, kwa kuwa kimataifa wavulana walio chini ya miaka 18 hurusha kilo 5, walio chini ya 20 kilo 6, na wasichana walio chini ya 18 kilo 3, na tufe la kilo 7.26 mikononi mwa mtoto wa kidato cha pili humfundisha makosa tu. La shaba tumelifungia kabatini, na matufe ya chuma hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine kila baada ya mazoezi, kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kutumiwa tena, la sivyo chaki haishiki.